Diski ya Pili ya Mama Kamera

Tuanze na hili, lisije likatupotea katikati ya makelele: Mama Kamera hakumwomba mtu msaada. Hakumwomba mumewe, hakumwomba mama mkwe wake, na huyo shemeji yake wanayemwita Injinia ndiyo kabisa, hata kwa kumkonyeza hakumwita. Diski aliinunua mwenyewe, kwa jasho lake, pamoja na waya wake na skrubu zake. Akaiweka juu ya kabati ikiwa bado ndani ya mfuko wake unaong'aa, akasema mbele ya wote wakati wa chakula: "Hiyo naifunga mwenyewe Jumapili. Asiiguse mtu." Sasa niambieni, jamani, katika maneno hayo neno gumu ni lipi?

Kompyuta ilikuwa nzee, hilo hakatai mtu. Kasha lake lililokuwa jeupe lilikuwa limegeuka rangi ya chai ya maziwa, na feni yake ilikoroma hata wageni wakawa wanauliza nani amelala. Lakini ilikuwa nzima. Mama Kamera alikuwa akiifungua mwenyewe kwa bisibisi na kuitoa vumbi kwa brashi ya kupakia rangi, na ndani yake alipajua kama anavyojua jikoni kwake. Hapa diski inakaa. Chini yake pana nafasi tupu ya diski nyingine. Pembeni unaning'inia waya wa umeme ambao tangu siku ya kwanza haujawahi kupata kazi. Mashine haikuhitaji kutupwa, ilihitaji nafasi tu. Ilikuwa imejaa.

"Itupe hiyo," mumewe alimwambia siku moja.

"Niitupe, nyingine aninunulie nani?"

Mume akakumbuka ana shughuli nje.

Kazi ya Mama Kamera ilikuwa kupiga video za harusi na sherehe nyingine, na jina lenyewe lilimganda hata jina alilopewa na wazazi wake likabaki la hospitali na benki. Alikuwa na kona yake chumba cha mbele, nyuma ya pazia la maua: meza, kompyuta, kiti chenye mto, na kamera juu ya msumari ambako watoto hawafiki. Memori kadi zake zilikuwa chache, kwa hiyo kila alichopiga alikimwaga ndani ya kompyuta, akazisafisha kadi, akaenda nazo kwenye kazi nyingine. Kilichomo ndani ya kompyuta hakikuwa na pacha mahali popote. Ndiyo maana alitaka diski ya pili. Alilijua tatizo lake kabla ya mtu yeyote, na dawa alishainunua.

Na kulikuwa na jambo moja lililokuwa likimnyima usingizi. Miezi michache nyuma alipiga harusi ya binti mmoja, mtoto pekee wa mzee mwashi aliyemlea peke yake baada ya mama kufariki. Harusi ilikuwa nzuri, mzee alicheza mpaka koti likamvuka. Wiki tatu baadaye, akiwa kazini, mzee alikaa chini kupumzika na hakuinuka tena. Binti alikuwa bado hajaiona hata dakika moja ya video. Kila Mama Kamera alipojaribu kuimalizia, kompyuta ilifika katikati ikamwambia haina nafasi. Binti alikuwa akipiga simu kwa adabu zote, sauti chini, kama anayeomba kisicho chake.

"Mama, sikuharakishi. Ila baba yumo, sivyo?"

"Yumo, mwanangu. Yumo tele."

"Sina video nyingine yake, mama. Picha ninazo, ila zimetulia tu. Hatembei."

"Utamwona anatembea. Njoo wikiendi ijayo, utaondoka naye." Hivyo ndivyo alivyosema, kwa kinywa chake.

Basi Jumamosi, siku moja kabla ya ile aliyopanga kufunga diski, Mama Kamera akaitwa mbali kupiga sherehe ya wahitimu. Akatoka asubuhi na mapema. Nyumbani wakabaki wakubwa watatu: mume, mama mkwe, na Injinia aliyekuja kusalimia na kusubiri chakula.

Huyu Injinia ni mdogo wake mume. Alisomea mambo ya kompyuta kwa muda, kisha chuo kikamwacha au yeye akakiacha, hakuna aliyewahi kupata habari kamili. Hana ubaya wa moyo, tuseme haki. Ila ana ule ugonjwa wa kutoweza kuona kitu kimefungwa asikifungue. Redio ya mama yake aliifungua, mpaka leo inasema stesheni moja tu, na hiyo ni ya lugha isiyojulikana na mtu pale nyumbani. Pasi ya jirani aliifungua. Mama yake akimwona na bisibisi hung'aa macho kama anayemwona daktari.

Na mama mkwe naye ana sheria yake. Kitu kipya hakiingii penye uchafu. Kabati jipya likija, la zamani lazima likombwe, lisuguliwe, lianikwe juani, ndipo jipya livuke mlango. Mama Kamera mwenyewe alipoolewa pale alikuta chumba kimeoshwa mpaka dari, na madaftari ya shule ya mumewe, viatu vyake vya mpira na barua zake za ujana vyote vilishapigwa moto nyuma ya nyumba, bila mwenyewe kuulizwa. Mume bado anavililia viatu vile. Nyumba nzima inaiita sheria hiyo usafi. Basi siku hiyo sheria ya mama ikakutana na bisibisi ya mwana.

Mama Kamera alirudi jioni, miguu imevimba, bega limekatwa na mkanda wa kamera. Akawakuta wamekaa kwa mpango, wote wanatabasamu. Pazia la maua limefunguliwa. Kompyuta imepanguswa inang'aa, imewashwa, na feni haikoromi.

"Shem, kaa kwanza," Injinia akasema, kifua mbele. "Tumekufanyia sapraizi."

"Mmefanya nini?"

"Diski yako mpya imo ndani. Na mashine sasa hivi ni moto! Nimeipiga windo upya, programu zote mpya. Bonyeza chochote, uone."

Mama Kamera hakukaa. "Na vitu vyangu?"

"Nilivihamisha vyote kwanza, mimi si mtoto. Harusi zako zote nilizikamata pale mbele, nikazivuta, nikazitupa kwenye diski mpya. Na hiyo diski ina mbio, shem, usipime! Sekunde moja tu, zote zimehama."

"Sekunde moja."

"Hata haikutimia!"

Hapo ndipo Mama Kamera alipomsogeza Injinia pembeni. Kwa sababu harusi moja tu, kuihamisha kutoka kwenye kamera, huwa anaiacha ikihama, anapika, anaosha vyombo, anagombana na watoto, anarudi anaikuta bado inahama. Harusi za miaka yote hizo hazihami kwa sekunde moja, hata diski iwe na mabawa.

Akashika kipanya, akafungua diski mpya. Majina yote yalikuwapo kweli, yamepangwa vizuri, na ile ya binti wa mwashi ilikuwapo. Akaibofya. Kioo cha kompyuta kikamjibu kwamba kinachotafutwa hakipo. Akabofya nyingine. Hakipo. Nyingine. Hakipo.

Alichohamisha Injinia, ndugu zangu, ni vile vipicha vidogo vya pale mbele ya kioo, ambavyo Mama Kamera alijiwekea ili asihangaike kutafuta. Vipicha vile si video. Ni vibao tu vya kuelekeza: harusi fulani iko kule ndani. Injinia aling'oa kibao cha njia, akakibeba kwa uangalifu mkubwa, akakisimika mahali papya, kisha akarudi akaichoma nyumba.

"Na diski ya zamani?" Mama Kamera aliuliza, ingawa alishajua. Sauti yake ilitoka ndogo sana.

"Ile nimeifuta yote. Ilikuwa na takataka, shem! Miaka yote hiyo! Mama alisimama hapa hapa akaniambia, hivi unamwingiza mwenzake humo na uchafu wote huo?"

"Na nilisema kweli," mama mkwe akaitikia kutoka kwenye kiti chake. "Kitu kipya hakiingii penye uchafu."

"Halafu nikaona iko tupu, nikasema isikae bure. Nimekujazia filamu. Na mechi. Imejaa mpaka juu, hata ukikaa mwaka mzima hapo hutazimaliza."

Mama Kamera aliinama akachomoa waya ukutani. Hakuzima kama watu wanavyozima, alichomoa, plagi ikaruka ikampiga mumewe mguuni.

"Wee! Utaiua!" Injinia akapiga kelele.

"Niue nini?" Na sasa sauti ilikuwa imerudi, na ilirudi na ndugu zake wote. "Kuna kitu humo ndani umeniachia cha kuua? Nilisema asiiguse mtu! Nilisema kwa Kiswahili! Mlikuwa mnakula, mkaitikia, midomo imejaa! Kazi yangu yote! Harusi za watu! Mzee wa watu ameshazikwa, alikuwa amebaki humo tu, na wewe umemfuta ukaweka mechi!"

Mume akatazama mguu wake. Injinia akatazama kompyuta, halafu bisibisi, halafu mama yake. Na mama mkwe, badala ya kusema pole, akavuta upande wa kanga na kusema neno ambalo Mama Kamera hatalisahau akiwa hai:

"Sasa makelele yote hayo ya nini? Kijana alitaka kukusaidia."

Nasema tena kwa asiyesikia vizuri: alitaka kukusaidia. Kana kwamba msaada ni mvua, ukinyeshewa usilalamike. Mama Kamera akalibeba kasha zima kifuani, na ukubwa wake wote ule, akaliingiza chumbani na kufunga mlango kwa ufunguo. Mumewe alilala kwenye kochi.

Jumatatu alilipeleka kwa fundi wa kompyuta mjini, mtu anayefahamika kwa kurudisha vitu vilivyofutwa. Fundi alisikiliza, akauliza swali moja. "Baada ya kufuta, waliweka kitu juu yake?"

"Waliijaza filamu. Mpaka juu."

Fundi akashusha pumzi. Alimweleza taratibu: kilichofutwa tu huwa bado kipo, kimefichika, na angeweza kukichimba. Ila kikishaandikiwa kitu kingine juu yake, hakuna wa kukichimba. Hata hivyo akajaribu, akakaa nayo siku nzima na nyingine. Alichokipata ni vipande: miguu ya watu wakicheza bila sauti, nusu ya keki, dari ya ukumbi. Mwashi alipatikana mkono mmoja wa koti, ukipita pembeni ya picha kufumba na kufumbua. Mama Kamera alimwomba fundi amrudishie kipande kile tena na tena, na mkono ukawa unapita na kupotea.

Nyumbani nako kikao kilishakaa bila yeye na uamuzi ulishatoka. Alipelekewa jikoni, akiwa anakatakata vitunguu, na mjumbe alikuwa mumewe.

"Mama Watoto, huyo binti akija, tumeonelea umwambie kompyuta ilikufa yenyewe. Ni nzee, nani atabisha? Hutakuwa umemdanganya sana."

"Mmeonelea nani na nani?"

"Mama anasema mambo haya yaishe humuhumu ndani. Mdogo wangu asije akaaibika mbele ya mtu baki."

Mama Kamera akaweka kisu chini, maana hakujiamini nacho. "Baba Watoto, tangu siku ile kuna mtu yeyote katika nyumba hii amenipa pole?"

Mume akainama akaokota ganda la kitunguu sakafuni.

"Mmekaa kikao. Mmeteta, mmepanga, mmetumana. Pole hamkuiona? Huyo mdogo wako amesema nini?"

"Amesema... amesema kuanzia sasa hatamsaidia mtu tena."

"Alhamdulillahi!" Mama Kamera alisema kwa sauti ya kufika mpaka chumba cha mbele, walikokuwa wamekaa wakisikiliza. "Hilo ndilo neno la kwanza la maana kutoka kwake!"

Hasira nyingine mtu akiila na kuilalia huamka imepungua. Hii ilikuwa ikiamka imenenepa. Alikuwa akitandika kitanda, anakumbuka. Akichota maji, anakumbuka. Si kufutiwa tu kulikomuuma, kulimuuma kwamba kompyuta yake masikini, iliyovumilia kila kitu, sasa ilikuwa inasingiziwa kifo.

Wikiendi ikafika, na binti akafika. Alivaa nguo ya kawaida na alikuwa amekuja na laptopu yake begani ili aondoke na baba yake ndani. Mama mkwe akamkaribisha kwa maneno matamu kuliko siku zote. Injinia naye alikuwapo; mama yake alimwambia aje, asionekane amejificha. Mume akakohoa.

"Binti yangu," mume akaanza, "unajua, mashine hizi nazo ni kama sisi binadamu. Hii ya mama yako imekula chumvi nyingi, na juzi hapa, bahati mbaya..."

"Haikufa," Mama Kamera akasema.

"Mke wangu."

"Kompyuta haikufa, mwanangu. Usimsikilize. Ilikuwa nzima na mpaka sasa ni nzima. Video ya harusi yako ilifutwa na mtu. Nilikataza isiguswe, nikatoka kwenda kazini, nikarudi nikakuta wameifungua, wamefuta, wamejaza mambo yao juu yake. Nimeipeleka kwa fundi, imeshindikana. Niliyekuahidi ni mimi, kwa hiyo aibu ya kwanza ni yangu. Lakini aliyefuta ni huyu, na aliyemwambia asafishe ni yule pale. Na mimi sitaisingizia mashine."

Mama mkwe akasema loo, kwa chini. Binti hakulia. Alitua laptopu yake mezani polepole, akamgeukia Injinia.

"Ulijaza nini?"

"Dada, mimi nilidhani nimeshahamisha..."

"Nimekuuliza ulijaza nini pale alipokuwa baba yangu."

"Filamu," Injinia akasema. "Na mechi."

"Mechi," binti akasema. "Nzuri?"

Mume alikuwa ameinamisha kichwa kama mwanafunzi. Binti akamtazama Mama Kamera, na sasa uso ulianza kumvunjika.

"Wewe uliiona, mama? Yote?"

"Niliiona yote. Mara nyingi."

"Kuna mahali anatembea?"

"Papo." Mama Kamera akavuta kiti akakaa mbele yake, magoti yao yakagusana. "Na pana mahali ambapo wewe hujui kama papo. Kabla hamjaingia ukumbini nilizunguka nyuma kupiga picha za magari, nikamkuta baba yako peke yake karibu na tangi la maji. Alikuwa amekunja mkono hivi, kana kwamba wewe umemshika. Anatembea kufuata ukuta, hatua ndogo ndogo, akifika mwisho anageuka anaanza upya. Akikosea anajisonya mwenyewe. Nikamuuliza, mzee, unafanya nini? Akaniambia najifunza kutembea taratibu."

Binti akaweka kiganja mdomoni.

"Akasema, huyu tangu mdogo anakimbia nyuma yangu. Nikienda kazini anakimbia nyuma yangu, nikirudi anakimbia nyuma yangu, na mimi nina miguu mirefu, sikuwahi kupunguza mwendo hata siku moja, nilikuwa nawahi tofali za watu. Akasema, leo nataka niende kwa mwendo wake. Halafu akaona taa nyekundu ya kamera, akaniambia, mama, hiyo usiiweke, watu watacheka. Nikamwambia hakuna atakayecheka. Akaanza tena mwanzo wa ukuta."

Mama mkwe alikuwa amejifunika uso kwa kanga. Binti alilia sasa, kwa nguvu, bila kumwonea mtu haya, kisha akajifuta kwa mkono wa nguo, akatoa simu kwenye mkoba, akaiegemeza kwenye laptopu ikimtazama Mama Kamera.

"Sema tena," akasema. "Tangu mwanzo. Usiruke kitu. Namrekodi."

Injinia akainuka taratibu, akaanza kuufuata mlango kwa ncha za vidole.

"Kaa chini," Mama Kamera akamwambia. "Uliifuta bila kuiangalia. Sasa utaisikiliza."

Injinia akamtazama mama yake. Mama yake hakufunua uso. Akakaa.